Aliyemo Jichoni

"Sema kwa maneno yako mwenyewe, Bibi Tupokigwe," Fundi alisema. "Leo nikufanyie nini?"

"Niondolee huyu mtoto wa jicho. Na usikawie, nimeacha ndizi jikoni, nimemwambia jirani azichunge, na yule ukimpa sufuria kuchunga huonja mpaka chini."

Nyuma ya kioo, mpwa wake Subilaga alicheka. Muuguzi Gwamaka, aliyekaa kwenye kiti cha mlangoni, naye akacheka. Ndani ya chumba cha upasuaji taa ya kijani ikawaka juu ya meza, na mlango ukajifunga kwa mlio mzito. Kauli ilikuwa imepokelewa. Kuanzia hapo, kwa Sheria ya Kauli, hakuna daktari, ndugu wala serikali aliyeweza kumwambia Fundi afanye jingine, isipokuwa mama huyu wa miaka sabini na minne aliyelala chali na kofia ya plastiki kichwani.

Subilaga Mwakalinga aliipenda sheria hiyo. Alikuwa na haki ya kuipenda, maana alikuwa Mtunza Kamusi: kila neno la Kiswahili linalotaja mwili lilipita mikononi mwake kabla ya kuunganishwa na lugha ya Fundi. Zamani mashine za upasuaji zilijionea zenyewe na kujiamulia zenyewe. Mtu aliingia kutumbuliwa jipu, akatoka na makovu matatu asiyoyajua, akaambiwa ni kwa faida yake. Watu wakagoma. Ndipo ikakatwa shauri kwamba kauli ya mgonjwa iwe juu ya macho ya mashine. Fundi aone atakachoona, lakini afanye alichoambiwa, basi.

"Dakika tisa za kutia dawa ya ganzi," Gwamaka alisema, "halafu kumi na tano za kazi. Mchana huu mama atakuwa anahesabu majani ya chai kule mlimani."

"Ataanza kwa kuhesabu mvi zangu."

Alisema hivyo huku macho yake yakikimbilia kwenye skrini ya ukutani, kwa mazoea tu. Huko Fundi alikuwa akiandika mpango wake. Fundi aliwaza kwa Kilatini, kama walivyowaza mafundi wote wa aina yake duniani, kwa kuwa majina ya viungo vya mwili yalikwisha kuandikwa kwa lugha hiyo kabla mashine hazijazaliwa. Pale hospitalini Ilundo hakuna aliyejali kuisoma, ila yeye. Alitarajia kukuta *extractio cataractae*, kutoa ule ukungu ambao kwa Kilatini huitwa poromoko la maji.

Skrini ilisema: *occlusio pupillae*.

Subilaga akasoma tena, safari hii kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kuziba mboni.

Akashika kishikwambi chake, akaligusa lile neno ili aone Fundi amelitoa wapi. Ikatokea tanbihi. Akaitambua kabla hajaimaliza, kama mtu anavyoutambua mwandiko wake mwenyewe kwenye barua aliyotamani asingeituma.

*Pupilla: mboni. Kwa asili ni binti mdogo, na pia binti yatima aliye chini ya mlezi. Warumi waliona kwamba ukichungulia jichoni mwa mtu unajiona humo, mdogo kama mwanasesere. Kwa hiyo pupilla ndiye hasa mtoto wa jicho. S.M.*

Ndiye hasa! Maneno mawili ya mapambo. Aliyaandika miaka minane iliyopita, ofisini, akiwa amefurahi peke yake. Kazi ya istilahi ni kavu, na mtu hujitafutia vichekesho: kwamba *musculus* ni panya mdogo, maana msuli ukicheza chini ya ngozi hufanana na panya anayekimbia, kwamba *tibia*, mfupa wa muundi, ni filimbi. Tanbihi hizo zilikuwa zimelala miaka yote bila kumdhuru mtu. Lakini asubuhi hiyo, saa tatu kamili, dakika chache kabla mama hajaingia, Fundi alikuwa amepewa mafunzo mapya: pale neno linapokuwa na shaka, asome tanbihi, na neno la Mtunza Kamusi lipite yote. Mafunzo hayo yalipigiwa kura wiki iliyotangulia. Subilaga aliyaunga mkono, tena kwa mkono ulionyooka. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Na mboni ni nini? Ni tundu tu. Tundu halitolewi, na mtu akikulazimisha uliondoe, utaliziba. Fundi alikuwa amefikiri vizuri kabisa.

"Kaka Gwamaka," alisema, "msimamishe."

"Nani?"

"Fundi. Atamshona mama mboni. Atamfunga jicho lake moja lililobaki."

Gwamaka akasimama, akatazama skrini asiyoielewa, akamtazama yeye. Hakuwa mtu wa kubisha. "Mlango haufunguki mpaka amalize. Umeme ukikatwa ana betri tumboni. Ziko njia mbili, dada, unazijua kuliko mimi. Mama aseme mwenyewe kauli mpya, au wewe uweke Simama."

Alizijua. Simama ilikuwa ya Mtunza Kamusi peke yake: kukiri kwa jina na kidole kwamba Kamusi ina kosa, neno hilo liwekwe kando, na meza zote za macho nchini zigande palepale kwa dakika ishirini, mikono ya mafundi wote ikiwa hewani au, Mungu apishe mbali, ndani ya macho ya watu.

"Kipaza sauti," alisema.

"Kuuliza na kupoza tu," Gwamaka alimkumbusha, jasho likimtoka. "Ukitaja kiungo au ugonjwa, umemlisha maneno. Kauli yake itakayofuata haitahesabiwa, na Fundi atarudi kwenye ile ya kwanza. Dada, tafadhali, pima ulimi."

Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika sita. Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi, wazee walisema, na Subilaga alikuwa amejikwaa ulimi miaka minane kabla, ndiyo kwanza anaanguka.

*

Alikuwa na miaka mitano wazazi wake walipokufa kwa homa moja, wiki moja. Mama mkubwa Tupokigwe ndiye aliyekuja kumchukua, na njiani hakusema kitu. Jioni hiyo mtoto alikataa kula, akakaa kizingitini na kifurushi chake mapajani kama mgeni anayesubiri gari. Mama mkubwa akachuchumaa mbele yake, akamshika kidevu.

"Tazama humu jichoni mwangu. Nani yumo?"

Akatazama. Mle ndani, kwenye weusi, alikaa mtoto mdogo sana mwenye kifurushi.

"Mimi."

"Basi hukosi pa kukaa. Njoo ule."

Likawa neno la nyumba. Aliporudi kutoka shule akiwa ametukanwa yatima, aliulizwa nani yumo. Alipofeli hesabu, aliulizwa nani yumo. Ukubwani, alipofungua kamusi ya Kilatini na kukuta kwamba watu wa mbali, waliokufa zamani, walikuwa na neno moja kwa yatima mwenye mlezi na kwa mboni ya jicho, alilia ofisini mbele ya watu. Kisha akaandika ile tanbihi. Haikuwa maringo. Ilikuwa shukrani, na ndiyo maana ilimuuma zaidi.

Akabonyeza kipaza sauti. Taa yake ikawaka njano.

"Mama mkubwa. Unanisikia?"

"Nakusikia. Hiki kidude kimenidondoshea maji ya baridi, sina hata uso."

"Nani yumo?"

"Leo? Na uzee huu?"

"Nani yumo, mama?"

"Wewe ndiye uliyemo. Umeshikwa na nini?"

Gwamaka alikuwa ameuma ngumi yake. Dakika tatu. Subilaga alilichagua kila neno kama mtu achambuaye mchele gizani.

"Na leo umemwambia Fundi afanye nini?"

"Si umesikia? Nimemwambia aondoe mtoto wa..." Kwenye skrini moyo wake ulionekana ukipiga, polepole, kisha si polepole tena.

"Mtoto yupi, mama?"

Mama mkubwa Tupokigwe hakuwahi kumaliza darasa la saba, lakini hakuna aliyewahi kumuuzia mbuzi mgonjwa. Akacheka, cheko fupi la hasira.

"Ala! Kumbe! Wewe Fundi, unanisikia? Mtoto aliyemo humu ni wangu, nimemlea, haondolewi wala haguswi! Ninachotaka uondoe ni hili poromoko la maji. Mwaka wa tatu huu naona kama nimesimama chini ya maporomoko, kila kitu ni ukungu na manyunyu. Toa hilo. Mwanangu mwache mahali pake."

"Nimepokea kauli mpya, Bibi," Fundi alisema kwa adabu yake ileile. "Binti abaki. Poromoko litolewe."

Na kwenye skrini, herufi baada ya herufi: *extractio cataractae*.

Gwamaka alimshika Subilaga bega, akamkalisha, akarudia mara nyingi "ndaga, ndaga fijo," bila kujua anamshukuru nani. Ndani, mkono wa Fundi ulishuka kwa utulivu, na sindano nyembamba kama unywele ikaingia pembeni mwa jicho. Zilibaki dakika kumi na tano. Mama hakusikia hata maumivu.

*

Ilikuwa faraja ya dakika tatu.

Kisha Subilaga akakumbuka kwamba yeye si mpwa wa mtu tu. Akafungua orodha ya meza zote nchini, akatafuta yale maneno mawili ya Kilatini ya kuziba mboni. Akayakuta mahali tisa. Wote tisa walikuwa bado kwenye ganzi, wengine wakiwa wamepewa muda mrefu kuliko mama. Wa kwanza alikuwa Sumbawanga, Mzee Sikazwe, umri sitini na nane, kauli: *nitolee mtoto wa jicho*. Zimebaki dakika nne. Wa pili dakika saba. Wa tatu dakika kumi.

Akapiga simu Sumbawanga. Ikaita, ikaita. Gwamaka alipiga kwingine, akapokelewa na mlinzi aliyemwambia asubiri kidogo. Kusahihisha tanbihi kulitaka wasahihishaji wawili na siku nzima. Ilibaki Simama.

Akatazama upande wa pili wa orodha. Macho sitini na moja yalikuwa wazi wakati huo, sindano zikiwa ndani. Kitabu cha Fundi kilisema wazi: katika macho mia yaliyoachwa hivyo kwa dakika ishirini, matatu hayataona tena. Katika watu sitini na moja, wawili. Na wa sitini na moja, aliyeingia wa mwisho, alikuwa pale mbele yake, na kofia ya plastiki.

Zimebaki dakika kumi na mbili, hesabu ikamnong'oneza. Kumi na mbili tu. Mama amalize, jicho lifungwe vizuri, halafu weka Simama. Nani atajua umeona orodha saa ngapi? Wangepotea watatu. Lakini hao watatu hakuwajua sura, na hawakumshika kidevu.

Alishtuka kuona jinsi wazo hilo lilivyoingia bila kubisha hodi. Alilichukia, na hakulitoa.

"Subi," sauti ya mama mkubwa ilisema. Kipaza sauti kilikuwa bado wazi. "Mbona unapumua kama umebeba gunia? Si tumekwisha kumweleza huyu bwana?"

Gwamaka akatikisa kichwa: usimwambie. Alikuwa na huruma. Lakini jicho lilikuwa la mama, na Subilaga alikuwa amekula mshahara wa miaka minane kwa kuwahubiria watu kwamba mwili wa mtu una mwenyewe.

"Kuna wenzako tisa," alisema. "Fundi amewasikia vibaya, kama alivyokusikia wewe. Kosa ni langu, niliandika mimi. Nikimsimamisha anasimama kote, na hapo ulipo pia. Wewe uko katikati. Unaweza kubaki gizani, mama."

"Na usipomsimamisha?"

"Watabaki gizani wao. Watatu kabla wewe hujamaliza."

"Hao nao wana watu wao nyuma ya kioo?"

"Wanao."

"Sitaki," mama mkubwa alisema. "Nakwambia kweli, Subi, usije ukaniimbia kanisani kwamba nilikuwa na moyo mkubwa. Sitaki hata kidogo. Nilitaka nikuone tena, hata mara moja. Naogopa giza tangu utotoni." Akavuta pumzi. "Haya, simamisha. Upesi, kabla sijabadili kauli."

Subilaga akaweka kidole. Ikamtaka aseme kwa sauti, akasema: "Kamusi ina kosa. Kosa ni langu, Subilaga Mwakalinga, Mtunza Kamusi." Alijua hatoishika tena Kamusi hiyo maisha yake yote. Jambo hilo lilimpita kama jina la kituo gari lisiposimama.

Mkono wa Fundi ukaganda. Sumbawanga zilikuwa zimebaki sekunde thelathini na nane.

*

"Usitikisike, mama. Hata kidogo."

"Nitikisike niende wapi?"

Dakika ishirini ni ndefu. Subilaga alimuuliza juu ya ndizi, akaambiwa ni mbalaga, zilichumwa juzi. Alimuuliza juu ya jirani, na jirani akasengenywa kwa dakika nne nzima, kwa sauti ya chini, bila kidevu kusogea. Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa ikinyesha kama kawaida yake, na Gwamaka aliisikiliza huku akihesabu kwa midomo. Ukurasa wa skrini ulionyesha namba ya mgandamizo ndani ya jicho. Ilikuwa kijani. Dakika ya tisa ikawa njano. Subilaga aliacha kuitazama, akaitazama, akaacha.

Dakika ya kumi na tatu mama mkubwa alisema, "Subi, wameizima taa?"

Taa kubwa juu ya meza ilikuwa ikiwaka, nyeupe, ya kuumiza macho.

Gwamaka aligeukia ukuta. Subilaga alishika kingo za meza ya kipaza sauti kwa mikono miwili. Alitamani kusema ndiyo, wameizima, umeme umepungua.

"Haijazimwa, mama."

"Aa," alisema mama mkubwa. "Haya. Endelea. Ulikuwa unaniuliza juu ya jirani."

Fundi alipoamka alimaliza kazi yake bila dosari. Alitoa poromoko lote, akaweka lenzi mpya, akafunga. Taarifa zikaanza kuingia: Sumbawanga haikuguswa, na wale wanane wengine pia. Katika sitini na moja, hamsini na tisa walikuwa salama. Kati ya wawili waliobaki gizani, mmoja alikuwa mwanamke wa Kibondo. Kitabu cha Fundi hakikukosea.

Mlango ukafunguka. Subilaga aliingia na kusimama kando ya meza, asijue aweke wapi mikono yake. Mama mkubwa alikuwa amekalishwa, kofia imevuliwa, uso umeelekezwa mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Niko huku, mama. Nisamehe."

Mkono ukapapasa hewani, ukapata shavu, ukashuka ukashika kidevu.

"Njoo karibu. Kwanza niambie, kimetoka kile kiukungu?"

Subilaga akainama. Jicho lilikuwa safi, la kung'aa, halina hata wingu. Mboni ilikuwa imefunguka kwa dawa, pana na nyeusi kama mlango ulioachwa wazi. Mle ndani alikaa mwanamke mdogo mwenye mvi mbili tatu, akilia.

"Kimetoka."

"Nani yumo?"

"Mimi," Subilaga alisema.

"Mimi sikuoni, ndiyo maana nakuuliza. Tazama vizuri. Yumo kweli?"

"Yumo, mama."

"Basi hukosi pa kukaa," mama mkubwa alisema. "Nishike mkono, twende tukale."